Maji Hufuata Chumvi

Mwalimu wetu wa uuguzi aliingia darasani na ndoo ya matumbo ya mbuzi, na sisi wasichana tukaziba pua tukicheka. Alikuwa amepitia machinjioni asubuhi hiyo, na matumbo yale bado yalikuwa na joto. Wengi wetu tulikuwa Wakikuyu na tulidhani tunayajua matumbo. Nani kati yetu hakuwa amekula mutura nyumbani kwao, ule utumbo unaojazwa nyama na damu kisha ukachomwa juu ya makaa? Mwalimu alisubiri tunyamaze, akaiweka ndoo juu ya meza, akauliza:

"Ni nani kati yenu amewahi kuushika kwa ndani?"

Hakuna hata mmoja. Kwetu mbuzi alichinjwa na wanaume, na ni wanaume waliosafisha utumbo na kuujaza. Sisi tuliletewa kipande kwenye sahani.

Hiyo ilikuwa Thika, katikati ya miaka ya hamsini, katika hospitali ndogo nilikokuwa nikisomea kazi ya uuguzi. Nilikuwa na sare mbili, moja mwilini na nyingine kwenye kamba, na sikuvaa hata moja bila kuipiga pasi. Mwalimu alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, kutoka Maragoli. Wakati wa vita vya dunia alikuwa askari wa matibabu huko Burma. Alizungumza Kiswahili cha taratibu, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa, na sikumsikia akimkaripia mgonjwa hata siku moja. Sisi alitukaripia.

Aligeuza kipande cha utumbo, ndani ikawa nje, akakisuuza kwenye karai na kutupitishia. Nilipokishika nilishangaa. Nilitarajia kiwe laini kama ngozi ya samaki, kumbe kilikuwa na vinyweleo kama taulo iliyofuliwa mara nyingi. Kisha akakilaza ndani ya maji na kutupa kioo cha kukuzia. Hapo nikaviona: vidole vidogo visivyo na idadi, vimesongamana, vikipepea kidogo maji yalipotikisika.

"Mdomo unatafuna tu," Mwalimu alisema. "Wanaokula ni hawa. Uji, nyama, mafuta, chumvi, maji, vyote vinapita katikati ya vidole hivi, navyo vinachukua na kuvipeleka kwenye damu. Lakini sikilizeni vizuri. Utumbo haunywi tu. Unamwaga pia."

Akatueleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mate tunayomeza, maji makali ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho, na yale yanayotoka kwenye kuta za utumbo wenyewe, ukiyaweka pamoja kwa siku moja ni mengi kuliko yote ambayo mtu amekunywa. Mwili unayamwaga ili chakula kilainike, kivunjwe na kiteleze.

Msichana mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, mbona hatushindi chooni?"

"Nani atamjibu?"

Mimi nilinyanyua mkono, nikasimama. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa katika shamba moja karibu na Ruiru, na tangu utoto nilikuwa nimetazama kahawa ikimenywa. Nikasema, "Labda ni kama kiwanda cha kahawa kwetu. Maji yanamwagwa mengi ili kahawa iteleze kwenye mifereji. Halafu mwisho yanakusanywa, pampu inayarudisha juu yatumike tena. Ukiangalia yale yanayotoka nje, ni machache."

"Hivyo hivyo," Mwalimu akasema. "Utumbo mwembamba unarudisha sehemu kubwa. Utumbo mpana unakausha yaliyobaki. Na pampu ikiharibika, huko kwenu, inakuwaje?"

"Maji yote yanakwenda mtoni."

"Basi hiyo ndiyo kuendesha. Mtoto hafi kwa sababu ya uchafu unaotoka. Anakufa kwa sababu ya maji na madini yaliyokwenda mtoni."

Nilirudi kukaa nikihisi masikio yanawaka. Sikuwa nimezoea kusifiwa, na ile "hivyo hivyo" yake nilitembea nayo kwa wiki nzima.

Kabla ya chakula cha mchana Mwalimu alifunga vipande viwili vya utumbo kwa uzi. Kimoja alikijaza maji ya sukari mazito kama asali akakitia kwenye bakuli la maji matupu. Cha pili alikijaza maji matupu akakitia kwenye bakuli la maji ya chumvi nyingi. Tuliporudi kutoka kula, kile cha kwanza kilikuwa kimevimba na kukaza, na kile cha pili kimelegea kama soksi.

"Maji hayajiongozi," alisema. "Yanafuata chumvi, na yanafuata sukari. Utumbo ukivuta chumvi kuiingiza kwenye damu, maji yanakuja nyuma yake. Lakini ukimpa mtoto sukari nyingi kupita kiasi, sukari inabaki humo tumboni inayaita maji kutoka mwilini, na mtoto anaendesha zaidi. Kwa hiyo sukari kidogo, chumvi kidogo. Onja mwenyewe kwanza. Isizidi chumvi ya machozi."

Kisha akatuambia kuhusu Burma. Huko askari waliugua matumbo na chupa za maji ya kutia mshipani ziliisha. Walibaki na ndoo, kuni, chumvi na sukari ya chai. Walichemsha maji, wakachanganya, wakawanywesha watu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba tumbo lenye ugonjwa lipumzishwe, lisipewe kitu.

"Nimewazika waliopumzishwa," Mwalimu alisema, "na nimesalimiana barabarani na walionyweshwa. Kwa nini sukari na chumvi zikienda pamoja utumbo uliougua unakubali? Hilo sijui. Siku moja mtu atatueleza. Mimi ninawaambia nilichokiona."

Haukupita muda mrefu baada ya somo hilo, nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani Jumamosi na Jumapili. Siku zile mtu hakutembea bila pasi, kile kibali cha serikali cha kusafiri. Hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na watu wa sehemu zetu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao na kukusanywa katika vijiji vipya vilivyozungushiwa handaki. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na kuishi katika kijiji kimoja cha namna hiyo, upande wa Ruiru, pamoja na mama mkwe wake na binti yake mdogo. Mume wake alikuwa kizuizini, hatukujua wapi. Mama yetu aliniagiza nianzie kwa dada, nimpelekee viazi vitamu.

Nilichukua treni ya asubuhi kutoka Thika, daraja la tatu, nikiwa nimevaa sare yangu. Ningeweza kuvaa gauni la kawaida. Nilivaa sare kwa sababu nilitaka watu waione, na ninakiri kwamba nilipokuwa nikishuka kituo cha Ruiru nilinyoosha mgongo zaidi ya ilivyohitajika.

Mlango wa kijiji ulikuwa umefungwa. Homugadi, mlinzi aliyewekwa hapo na serikali, alisoma pasi yangu akaitazama na kofia yangu nyeupe.

"Kuingia utaingia," akasema. "Kutoka ni mpaka amri itoke. Leo hakuna mtu wa kutoka."

"Mpaka lini?"

"Pengine kesho, wakati wa kanisa. Mimi sijui. Ingia au rudi."

Nikaingia.

Nyumba zilipangwa kwa mistari, zote za udongo, zote zimefanana, na nyuma yake kulikuwa na vyoo vilivyochimbwa kwa haraka. Maji yalitoka kwenye kijito kimoja chini ya kijiji, na akina mama walikwenda kuteka kwa zamu, wakilindwa. Nilipokaribia nyumba ya dada sikusikia sauti ya mtoto, na hilo lilinitia wasiwasi, maana binti yule alikuwa mtoto wa kelele. Alikuwa ndio kwanza ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, mtoto mapajani. Hakunisalimu. Alisema tu, "Anaendesha tangu juzi. Sasa hata kulia halii."

Nilipiga magoti. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Utosi wake ulikuwa umebonyea kama kijiko. Midomo ilikuwa mikavu. Niliivuta ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili kama tulivyofundishwa, nikaiachilia, ikabaki imesimama, ikarudi polepole kama ngozi ya kikongwe. Nilikuwa nimeona watoto wa hali hiyo wodini. Wengine walipona.

"Amekunywa nini?" niliuliza.

Aliyejibu ni mama mkwe wa dada, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa moto. Kwa sababu ya mtoto sote tulimwita cucu, yaani nyanya. Alikuwa mama mrefu, mkavu, aliyezoea kusikilizwa.

"Maji nimemkataza," alisema. "Kila akinywa yanapita. Hata ziwa nimemkataza. Nimempa chai ya sukari nyingi apate nguvu, mara mbili, akazidi kuendesha. Sasa tumbo lipumzike."

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea. Lakini mimi nilikuwa msichana asiyeolewa, niliyeingia nyumbani kwa watu na viazi vitamu mkononi, na yeye alikuwa mama wa nyumba ile. Aidha, hakuwa mjinga. Alikuwa amelea watoto wake wote, na aliyokuwa anafanya ndiyo yaliyokuwa yanafanywa hata na watu wenye vyeti. Nikatoka kwanza kwenda mlangoni kumsihi yule homugadi aturuhusu tumpeleke mtoto Thika. Alinisikiliza kwa huruma na akakataa. Nikarudi.

"Cucu," nikasema, "mlango umefungwa mpaka kesho. Huyu hatafika kesho tukimwacha hivi. Ninaomba uniruhusu nimpe kitu cha kunywa ambacho tulifundishwa."

"Kitatoka kama vingine."

"Sehemu itatoka. Lakini si yote." Nikakaa chini karibu naye, si juu ya kigoda. "Cucu, wewe umewahi kuushika utumbo wa mbuzi kwa ndani?"

Akanikazia macho. "Marehemu mzee alikuwa ndiye wa kutengeneza mutura kwetu. Alinipa niuoshe wakati mkono wake ulipoumia. Naujua."

"Kwa ndani ukoje?"

"Una manyoya. Kama blanketi."

"Hayo manyoya ndiyo yanayokunywa. Na huo utumbo pia unamwaga maji, kila siku, mengi, halafu unayarudisha. Sasa wa huyu mtoto unamwaga tu, haurudishi. Maji unayoyaona yanapita si yale tu tuliyompa. Ni ya mwili wake mwenyewe. Tusipoyarudisha, yataisha."

Cucu alichochea moto. Kisha akaniuliza swali ambalo hata darasani hakuna aliyeuliza vizuri kama yeye.

"Kama huo utumbo wake hauwezi kurudisha maji yake mwenyewe, utawezaje kuyachukua yako?"

"Maji matupu unayachukua kwa shida," nikasema. "Lakini yakienda na chumvi kidogo na sukari kidogo, yanapita. Mwalimu wangu ameona kwa macho yake. Sababu haijui, na mimi siijui. Lile tatizo la chai ni kwamba sukari ilikuwa nyingi mno. Ikizidi inayaita maji kutoka mwilini yarudi tumboni."

Cucu alimtazama mtoto. Dada alimtazama cucu. Mimi nilitazama chini, kwa sababu nilijua kwamba neno la mwisho si langu.

"Chemsha," cucu akasema.

Nilichemsha maji kwenye sufuria mpaka yakatokota sana, kisha tukaiweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ili yapoe. Dada alitoa kopo lake la sukari. Nikatia kidogo, nikakoroga, nikatia chumvi iliyo kidogo kuliko sukari, nikaonja. Ilikuwa na chumvi kupita machozi. Nikaongeza maji, nikaonja tena, nikampa dada aonje, naye akatikisa kichwa kukubali. Cucu naye alitaka kuonja, akaonja, akasema haina ladha ya kitu chochote, na mimi nikajua kwamba imekuwa sawa.

Kikombe cha kwanza nilikosea mwendo. Mtoto aliponusa unyevu alikishika kikombe kwa pupa akanywa mafunda makubwa, na mara akatapika yote kwenye sare yangu.

"Umeona," cucu akasema.

"Nimeona. Tungoje kidogo, halafu kwa kijiko."

Tukangoja. Kisha kijiko kimoja. Tukakaa. Kijiko kingine. Hakutapika. Dada alimshika, mimi nikatia. Mchana ule ulikwenda hivyo, kijiko na kungoja, na mara kwa mara mtoto aliendesha tena, maji matupu, na uso wa dada ukasinyaa kila mara. Nilimwambia, "Usihesabu yanayotoka. Hesabu yanayoingia." Hayo hayakuwa maneno ya Mwalimu. Yalinijia pale pale, na baadaye nimeyatumia maisha yangu yote.

Nilimwambia pia amrudishie ziwa. Cucu alifungua mdomo kupinga, kisha akaufunga. Mtoto alinyonya kidogo, kwa uchovu, akaliacha.

Sijui ilikuwa saa ngapi mtoto alipoanza kunigeuzia uso. Alikuwa amechoka na mimi. Dada alijaribu, akamkataa pia. Hapo ndipo cucu aliponyanyuka, akaja, akamchukua mapajani mwake, akashika kijiko. Alimwimbia kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Alipofika mahali fulani pa wimbo mtoto alifumbua mdomo, na kijiko kikaingia. Tena na tena, mahali pale pale pa wimbo. Yule mama hakuacha. Majirani walikuja mlangoni kutazama, wakamwona cucu akimnywesha mtoto maji ambayo yeye mwenyewe alikuwa amewakataza wengine kuwapa watoto wao, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Jua lilipokuwa linashuka, mtoto alilia. Hakulia kwa nguvu, lakini kwenye shavu lake kulikuwa na chozi. Dada alilifuta kwa kidole, akakitazama kidole chake kama mtu aliyeokota lulu. Baadaye kidogo kitambaa kikalowa, na haikuwa ile ya kuendesha. Ulikuwa mkojo, kidogo, wa rangi nzito. Nimezalisha akina mama wengi tangu siku hiyo na nimeona furaha nyingi, lakini sijapata tena kuona wanawake watatu wakifurahia mkojo kiasi kile. Cucu alicheka mpaka akashika ubavu.

Nilivuta tena ngozi ya tumbo. Ilirudi.

Sababu ya mambo yale niliisikia miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakomaa kazini, kutoka kwa daktari aliyekuja kutufundisha. Alisema kwenye ukuta wa vile vidole kuna milango midogo sana. Mlango mmoja unakubali sukari, lakini unaikubali ikiwa imeshikana mkono na chumvi. Ugonjwa wa kuendesha unavuruga njia nyingine za chumvi na kufungua zile za kumwaga, lakini mlango huo mmoja hubaki wazi. Sukari na chumvi zinaingia pamoja, na maji yanazifuata. Nilikaa pale kwenye kiti nikiwaza juu ya Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha fariki. Nilitamani awe ameketi karibu nami akisikia, kwa maana alikuwa amesema mtu atatueleza, na sasa huyo mtu amekuja.

Asubuhi ya Jumapili ile mlango wa kijiji ulifunguliwa kwa ajili ya kanisa. Dada alipewa kibali cha kwenda hospitali, akamfunga mtoto mgongoni, tukarudi Thika pamoja. Mwalimu alikuwa zamu wodini. Alimpima mtoto kimya kimya: macho, mdomo, utosi, ngozi.

"Alikuwa vibaya," alisema. "Mmetoka hospitali gani?"

"Tumetoka nyumbani."

"Mshipa umetiwa wapi? Sioni alama ya sindano."

"Hakuna sindano, Mwalimu. Ni kijiko."

Mwalimu aliinama akamwangalia mtoto tena. Alimlaza mtoto kwenye kitanda, akaagiza aendelee na kijiko, na apewe ndizi zilizopondwa, kwa sababu kuendesha huondoa madini mengine pia ambayo ndizi inayarudisha, na bila hayo mtoto hubaki mlegevu. Daktari wa kizungu alipopita kwenye wodi, Mwalimu alisimama wima kama askari.

"Huyu aliokolewa kijijini, Daktari. Na mwanafunzi wangu."

Daktari alimtazama mtoto, akanitazama mimi na doa la matapishi ambalo nilikuwa nimeliosha bila kulimaliza, akasema, "Kazi nzuri." Lakini sikumsikiliza sana daktari. Nilikuwa nimesikia "mwanafunzi wangu", na hilo lilinitosha. Jumatatu Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nieleze yote. Nilieleza na lile kosa la kikombe cha kwanza, na akawaambia wenzangu walikumbuke kuliko yote.

Sitaki mtu afikiri kwamba mambo yote yaliisha vizuri. Katika mstari ule ule wa nyumba kulikuwa na mtoto wa kiume aliyeugua siku zile zile. Tulipokuwa tukimnywesha wetu, mama yake alikuwa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba mfereji, na mtoto aliachiwa dada yake mdogo. Hatukujua. Alizikwa kabla sijapata ruhusa nyingine ya kwenda. Cucu ndiye aliyeniambia niliporudi, naye hakuniambia kwa kulalamika. Aliniambia huku akipima chumvi kwenye kiganja, kwa sababu siku hiyo alikuwa na watoto wengine wawili wa majirani pale nyumbani, na akina mama zao wameketi ukutani na vijiko.

"Tangu yule afe," alisema, "nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia mtoto akianza tu, asingoje. Waje hapa au niende huko."

"Wanakubali, cucu?"

"Wengine wananiambia, si wewe ndiye uliyesema maji mabaya? Ninawaambia ndiyo, ni mimi."

Nilipofaulu mtihani wangu nilipelekwa kwenye zahanati ya shamba moja la kahawa, si mbali na kijiji kile. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wametoka kila upande, na wengi walikuwa watu wa magharibi waliokuja kuchuma kahawa, waliokaa kwenye nyumba za laini, zile zilizojengwa kwa safu kwa ajili ya vibarua. Mama zao hawakuniamini, na sikuwalaumu. Nilikuwa mwembamba, nilionekana mdogo, sikujua lugha yao, na niliwaambia wafanye kinyume cha walichofundishwa na mama zao. Walichukua vidonge vyangu na kuyaacha maji yangu kwenye benchi.

Nilimweleza dada jambo hili, bila kutarajia chochote. Wiki iliyofuata, asubuhi ya kliniki, nilitoka nje nikamkuta cucu ameketi kwenye benchi katikati ya wale akina mama. Amevaa gauni la kanisani na leso ya kichwani, na mjukuu wake yuko miguuni akichezea changarawe. Alikuwa ametembea kutoka kijijini tangu alfajiri. Hakuniomba ruhusa. Alikuwa ameshaanza kuzungumza nao kwa Kiswahili chake, ambacho kilikuwa kidogo lakini hakikuwa na aibu.

"Mimi nilikataa huyu msichana," alikuwa anawaambia. "Mimi nilisema maji ni mbaya, tumbo ipumzike. Mtoto ilikuwa hivi." Akabonyeza mashavu yake ndani kwa vidole. "Huyu alinionyesha. Kidogo chumvi, kidogo sukari, kijiko, ngoja, kijiko, ngoja. Sasa ona."

Mama mmoja, Mluhya kutoka huko magharibi, aliyekuwa na mtoto mgonjwa begani, akamuuliza, "Na ikitapika?"

"Hata hii yetu ilitapika. Huyu akakosea, alitoa haraka. Ngoja kidogo, anza tena."

Yule mama aliinuka akaja kwangu na kikombe. Wengine walimfuata. Nilipokuwa nikichanganya sikuweza kumtazama cucu usoni, kwa sababu nilijua nitalia mbele ya wagonjwa. Yeye hakujali. Alikuwa ameshamchukua mtoto wa yule Mluhya mapajani mwake, amejitengeneza vizuri kwenye benchi, na alikuwa ananyoosha mkono.

"Leta kijiko," akasema.